Darubini ya Mara Nane

Tangu nirudi kutoka Elburgon sijanywa chai kwa amani. Nikikaa tu, mmoja wenu ananiuliza kama ni kweli niliushika mtutu wa bunduki ya mzungu nikabaki hai. Mwingine ameshasikia kwamba nilipigana na chui. Mwingine, na huyo anajijua, amewaambia watu wa kanisa kwamba nilifukuzwa kazi. Basi nimeamua kuandika yote mara moja. Someni, mpitishiane, kisha mniache ninywe chai yangu.

Mnajua wote kwamba kaka yangu mkubwa, Zakayo, alikuwa mchungaji wa kondoo kwenye shamba moja juu ya Elburgon, pale ambapo malisho yanakutana na msitu wa Mau. Mwenye shamba tulikuwa tukimwita Bwana Ndevu. Kondoo wake walikuwa wakiuawa mmoja mmoja. Kaka alisema ni chui. Bwana Ndevu alisema hajaona hata unyayo wa chui, na kwamba chui huyo ana miguu miwili na anaitwa Zakayo. Akampa mpaka Jumapili. Chui asipopatikana, kaka na mke wake na watoto watoke shambani, na chifu aambiwe kwamba ni mwizi. Katika miaka hii ya Hali ya Hatari, serikali ikiwasaka wapiganaji wa msituni, mtu akitoka shambani na jina la mwizi, ni nani atakayempokea?

Habari iliponifikia nilikwenda moja kwa moja kwa bwana wangu, Bwana Miwani, ambaye nimembebea bunduki yake tangu anaajiri watu wa kung'oa visiki hapa Ndabibi. Nikamweleza. Akavua miwani, akaipangusa, akasema muda mrefu umepita tangu apige chui. Nikajua tunakwenda.

Ndabibi hadi Gilgil

Tuliondoka asubuhi na Landrova, yeye mbele kwenye usukani, mimi nyuma na magunia, bunduki magotini mwangu ndani ya mfuko wake wa ngozi. Vumbi la ziwani lilinipaka unga mpaka kope. Mpaka Naivasha hakuna la kusimulia, ila kwamba Bwana Miwani aliongea njia nzima juu ya darubini. Bunduki yake ilikuwa na darubini ndogo ya zamani, inayovuta kitu mara mbili na nusu, na macho yake yameanza kuzeeka. Alikuwa amesikia kwamba Nakuru kuna darubini mpya inayovuta mara nane. Kitu kilicho mbali kinakuja mpaka puani, alisema. Mimi nilikuwa nikiitikia tu, mdomo umejaa vumbi.

Karibu na Gilgil gurudumu lilipasuka. Tulipomaliza kulibadilisha, bwana akaenda kichakani kwa haja yake, na papo hapo likaja gari la askari. Wakaona nini? Mwafrika amesimama kando ya barabara, amekumbatia bunduki. Sikuambiwa "habari yako". Niliambiwa nilale chini. Nikalala, shavu kwenye changarawe, na kiatu cha mtu mgongoni. Nilijaribu kueleza kwamba mwenyewe yuko kichakani, askari mmoja akasema, "Kila mtu mwenyewe yuko kichakani siku hizi."

Bwana Miwani alitokea anafunga mkanda. Akazungumza nao Kizungu, wakacheka, wakampigia saluti, wakaenda. Mimi nikapangusa changarawe usoni. Hakuna aliyeniambia pole, na wakati ule sikuona ajabu. Nalitaja hapa kwa sababu ya mambo yaliyokuja baadaye.

Nakuru, dukani

Nakuru ilikuwa imejaa harufu ya magadi ya ziwa na moshi wa garimoshi. Duka la bunduki lilikuwa la Mhindi mmoja mzee, mpole, mwenye kalamu sikioni. Alileta darubini mpya kwenye kitambaa cha kijani kama mtu anayeleta mtoto wa kubatizwa. Ilikuwa ndefu, nyeusi, na kioo cha mbele kipana kama mdomo wa kikombe.

Bwana Miwani akasimama mlangoni akaielekeza kwenye mteremko wa Menengai.  Kisha akacheka peke yake. Kisha, na hili sijawahi kuliona, akanipa mimi nitazame.

Jamani, nilishtuka. Kule juu, mahali ambapo kwa macho yangu niliona rangi ya majani tu, kulikuwa na mwanamke anaanika nguo. Niliona kitenge chake. Niliona kibanio mdomoni mwake. Lakini kila nilipopumua aliruka kama yuko juu ya garimoshi, na nilipojaribu kumtafuta mume wake au nyumba yake, sikuona kitu ila huyo mwanamke na kamba. Ulimwengu mzima ulikuwa umekuwa duara dogo.

Mhindi akauliza tunawinda wapi. Bwana Miwani akasema chui, Elburgon, ukingoni mwa msitu. Mzee akatikisa kichwa, akasema mahali wazi hii ni nzuri sana, msituni iacheni ile ndogo, kwa sababu kitu kikiwa karibu hii itakuonyesha ngozi bila mnyama. Bwana Miwani akasema yeye hatafuti ushauri, anatafuta darubini. Na mimi, niseme nini? Nilikuwa bado namfikiria yule mwanamke na kibanio chake. Kama ningeulizwa, ningechagua kubwa.

Ikafungwa. Ile ndogo nikaambiwa niiweke kwenye mfuko wa koti langu. Tukatoka nje ya mji hadi kwenye shimo la mawe kujaribu, na kwa risasi ya kwanza darubini ikarudi nyuma ikampasua bwana nyusi, juu tu ya miwani. Damu ikamtiririka mpaka kwenye kola. Akasema ni kitu kidogo. Mimi nikaenda kula maharagwe na chapati kwenye hoteli ya Waafrika, mwenye hoteli akaniuliza hicho kinachotokeza kwenye koti ni tarumbeta ya jeshi gani.

Nakuru hadi Elburgon

Baada ya Njoro mvua ilitukuta. Barabara ikawa uji. Kabla ya Elburgon lori la magogo lilikuwa limelala ubavu katikati ya njia, na mierezi imetawanyika kila upande, myekundu ndani kama nyama. Tulikaa pale alasiri nzima. Dereva wa lori, mtu mnene mwenye koti la gunia, alitugawia viazi alivyochoma juu ya injini. Alipojua tunafuata chui wa shamba la Bwana Ndevu, akaacha kutafuna. Akauliza, "Chui? Kwa yule mzee wa mbwa?" Kisha akasema kitu juu ya mvua. Nilidhani ni mazungumzo tu ya mtu aliyechoka.

Nyumbani kwa kaka tulifika jua linashuka. Bwana Miwani alikwenda kulala nyumba kubwa kwa mwenzake, mimi nikaingia kwa Zakayo. Kitu cha kwanza nilichoona ni sufuria. Zilikuwa zimefungwa pamoja kwa kamba ya katani mlangoni, pamoja na jembe na godoro lililokunjwa. Shemeji alikuwa amebakiza sufuria moja tu ya ugali. Nilimwambia afungue mizigo, ndugu yake nimekuja na mzungu, na bunduki, na darubini ya mara nane. Akaniangalia kwa huruma, akaniwekea kunde.

Kaka mwenyewe hakufurahi nilivyotegemea. Nilipomweleza juu ya darubini, alisema, "Sawa." Nilipomwambia kesho tutatundika mzoga mtini atuonyeshe mahali, alisema ana kondoo wa kuangalia. Nikaona ni woga wa mtu ambaye anangoja kufukuzwa.

Msituni

Basi tulichagua mti wenyewe, mimi na Bwana Miwani. Tulipata mmoja mzuri, mkubwa, wenye tawi nene la kulala, na juu zaidi gogo kavu lililonaswa kwenye majani ya kutambaa. Tulitundika mzoga wa kondoo aliyekufa siku zile, tukajenga kibanda cha matawi karibu, umbali kama kutoka mlango wa kanisa letu hadi mimbarini.

Kesho yake kabla jua halijatoka tulikuwa ndani ya kibanda, tumelala kifudifudi bega kwa bega. Ukungu ulikuwa mzito. Baridi ya Mau haina adabu, inakuingia hata mahali ambapo hujaikaribisha. Bwana Miwani alikuwa na plasta juu ya jicho na jicho lenyewe kwenye darubini.

Kitu kikasogea mtini. Hatukusikia hatua, hatukusikia chochote. Bwana akashika pumzi. Akaninong'oneza, "Manyoya. Naona manyoya." Nikasikia kifungo cha usalama cha bunduki kinasogezwa.

Mimi sikuwa na darubini jichoni. Nilikuwa na macho yangu haya tu, na ukungu. Niliona kitu cha kahawia kwenye tawi, kimejikunja, kinapanda. Ni kweli, kilikuwa na manyoya. Nilifurahi, nawaambia ukweli. Nilimwona kaka yangu anafungua zile sufuria. Kisha ukungu ukasogea kidogo na chini ya manyoya nikaona mguu. Mguu wenye unyayo, wenye vidole vitano, umeshika gamba la mti.

  Niliunyoosha mkono nikaufunika ule mdomo wa kikombe, kioo chote, kwa kiganja changu.

"Hapana gusa bunduki yangu!" Bwana Miwani alisema, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake. Akanigeukia. Kwa muda mfupi mtutu ulikuwa unanitazama mimi. Nikawaza ile changarawe ya Gilgil, nikawaza kwamba hapa hakuna mtu atakayeuliza. Nikasema, "Bwana, ni mtu. Ni mtu, bwana. Angalia bila kioo."

Akaangalia bila kioo.

Alikuwa mzee wa Kindorobo, wao wenyewe hujiita Ogiek, amevaa joho la ngozi za pimbi zilizoshonwa pamoja, lile ambalo wazee wao huvaa msituni kwa baridi. Kwa darubini ya mara nane, kwa karibu vile, bwana aliona mgongo wa joho tu, nywele na ukungu, duara zima limejaa. Kichwa hakimo, miguu haimo, mtu hayumo. Bwana Miwani alitoa risasi kwenye bunduki moja moja, akaziangusha kwenye majani. Kisha akatoka kibandani, bunduki akaiacha chini.

Mzee alikuwa ameshashuka, na hakuwa na habari kwamba alikuwa amebakiza pumzi moja. Alikuwa na hasira yake nyingine kabisa.

"Nani aliweka nyama mbovu kwa mti ya baba yangu?" aliuliza. "Mzinga iko hapo juu. Nyuki ikisikia harufu hii inahama. Mlimuuliza nani?"

Lile gogo kavu juu ya mti lilikuwa mzinga. Kule Mau kila sehemu ya msitu ina ukoo wake, na mtu huwezi kugusa mti wenye mzinga wa watu bila kuwaomba. Majirani wote wanajua. Kaka yangu anajua. Kama angekuja nasi siku ile, asingekubali tutundike pale hata ukucha.

Nikamwomba mzee radhi kwa mikono miwili. Alisema anaitwa arap Lelei. Nikamweleza kwamba tunatafuta chui anayemaliza kondoo wa Bwana Ndevu. Alinitazama kama mtu anayetazama mtoto aliyevaa viatu mguu kinyume.

"Chui gani? Hapa chui alienda zamani. Hao kondoo wanakulwa na mbwa ya mzungu. Wale wawili wakubwa. Asubuhi wakifunguliwa wanakuja mbio, wanaua, wanarudi kunywa maziwa. Mimi nikiwa juu ya mti naona."

Bwana Miwani alikuwa amesimama nyuma yangu na alisikia kila neno. Nikamuuliza mzee kwa nini hakusema. Akajibu kwamba akisema ataulizwa alikuwa akitafuta nini karibu na shamba la watu, na akaanza kuufungua mzoga wetu mtini.

Nilikwenda mbio kwa kaka. Nilimkuta zizini. Nikamuuliza kama anajua, na kabla hajajibu nikaona usoni kwamba anajua tangu mwanzo. Niliwaka. Nilimwambia mtu angekufa leo, mzee wa watu, kwa chui wa uongo wake. Akaketi juu ya ndoo.

"Ningesema nini, Eliya? Wale mbwa wanalala ndani ya nyumba, kwa kapeti. Mimi nalala hapa. Nikisema ni Raja ameua kondoo, nani ataaminiwa? Nilisema chui kwa sababu chui hana mwenyewe."

Hasira yote ilinitoka, nikabaki nimesimama tu katikati ya kondoo.

Malishoni

Bwana Miwani hakumwambia mwenzake kitu. Alimwambia tu kwamba Jumapili asubuhi aje na sisi kilimani, ataona chui wake. Jumapili tulikuwa watatu tumelala kwenye majani juu ya kilima: Bwana Miwani, Bwana Ndevu, na mimi pembeni. Ng'ambo ya bonde, mbali, malisho yalikuwa wazi kabisa, na kaka yangu anatoa kondoo zizini. Kwa macho alikuwa mdogo kama njiti.

Jua lilipogusa majani, vitu viwili vya kahawia vilitoka upande wa nyumba kubwa vikishuka kwa kasi. Kondoo wakapasuka huku na huku. Bwana Ndevu akasema, "Fisi! Piga!" Bwana Miwani akamsogezea bunduki, akamwambia apige yeye, kondoo ni wake.

Hapo ndipo ile darubini ilipofanya kazi yake. Mzee wa Nakuru alikuwa amesema kweli yote, hata ile sehemu ya kusifu. Bwana Ndevu aliweka jicho, akatafuta, akapata. Mgongo wake ukawa mgumu. Mkanda mwekundu shingoni wenye bamba la shaba, baadaye ndivyo alivyosema aliona, na mdomo umejaa sufi na damu. Hakuondoa jicho. Mimi nilisikia akitaja jina kwa sauti ndogo, "Raja", kama anamwita nyumbani.

Nyinyi mnaofuga mnajua sheria, na wazungu wa kondoo wanaijua kuliko sisi: mbwa aliyeonja kondoo haponi. Aliondoa usalama. Lakini mimi nilikuwa naangalia kwa macho yangu, malisho yote, na nikaona kaka yangu anakimbia na fimbo kutoka kushoto, moja kwa moja kuelekea kwa mbwa. Ndani ya lile duara hayumo. Nikapiga kelele, "Bwana, mtu!" na bunduki ikalia.

Mbwa alianguka. Na kaka yangu alianguka.

Sikumbuki bonde. Najua nilikimbia kwa sababu magoti yangu bado yana alama. Nilikuwa nikisema jina lake, au la mama yetu, sijui. Nilipofika alikuwa amelala kifudifudi, mikono juu ya kichwa, damu kwenye shati. Nikamgeuza. Macho yake yakafunguka. Damu ilikuwa ya kondoo aliyeuawa pale alipoangukia. Alikuwa amesikia risasi inapita akajitupa chini. Tulikaa pale tumeshikana kama watoto.

Wazungu wakafika. Bwana Ndevu akatupita. Alimpita kaka yangu aliyekuwa bado chini, karibu amkanyage mkono, akaenda akapiga magoti kwa mbwa, akalia. Alilia kwa kweli, ndevu zikalowa. Sikatai uchungu wake. Kisha akainua uso akamwambia Zakayo alete jembe.

Kurudi

Kaka alichimba lile kaburi. Alilichimba vizuri, pande zote sawa, chini ya mwerezi karibu na nyumba, na fundi wa shamba akachonga ubao wenye jina. Mbwa wa pili alifungwa mnyororo. Bwana Ndevu alisema Zakayo anaweza kukaa, mambo yamekwisha. Akaingia ndani.

Kaka alirudi na udongo mikononi. Shemeji alikuwa mlangoni na kidole kwenye fundo la kamba, anauliza kama sasa afungue sufuria. Kaka akamwambia, "Usifungue. Ongeza na ile ya ugali."

Nilimwendea Bwana Miwani. Sikuhitaji kuomba sana. Alitazama kiganja changu, akasema nyuma ya Landrova kuna nafasi. Tulipopita ukingoni mwa msitu, arap Lelei alikuwa amesimama na asali ndani ya mfuko wa ngozi. Akampa kaka, si mimi wala bwana, na akamshika mkono kwa muda mrefu.

Darubini kubwa iko juu ya bunduki mpaka leo, na ile ndogo bado iko kwenye koti langu. Bwana Miwani sasa ananiuliza tunakwenda wapi kabla ya kuchagua. Hajawahi kuzungumzia mkono wangu.

Basi mmeshajua. Yule mtu mgeni mnayemwona na ng'ombe upande wa ziwani, ambaye mnasema ana majivuno kwa kuwa haitikii haraka, ni kaka yangu Zakayo. Msimuulize juu ya chui. Mkikutana naye njiani, simameni kidogo mmwambie pole. Mpaka leo hakuna mtu aliyemwambia.